Samaki Hakuja Kuliona Jua

Nililia ndani ya daladala. Niseme mapema, ili ujue unasoma habari za mtu wa aina gani. Ilikuwa Februari 2025, jioni, foleni haisogei, nami nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine umeshika simu. Kwenye simu kulikuwa na video fupi: samaki mweusi tii, mdomo mkubwa, meno kama sindano, anaogelea wima karibu kabisa na uso wa maji huku jua likimpiga. Maelezo yalisema ni samaki wa kina kirefu, kule kusikofika mwanga, na kwamba alifariki saa chache baada ya kupigwa picha.

Nimeandika "alifariki" na siifuti. Ndivyo tulivyokuwa tukimzungumzia wiki ile, kama jamaa yetu.

Chini ya video watu walikuwa wameshaanza. Huyu anasema samaki ameishi gizani maisha yake yote, akaamua kuliona jua japo mara moja kabla ya kufa. Yule anasema hiyo ndiyo maana ya ujasiri. Wengine walichora, wengine wakatunga mashairi. Mimi nilishuka kituoni shairi likiwa limeshajaa kichwani, nikafika nyumbani, hata chakula sikula. Beti sita, vina vimekaa vyenyewe bila kusukumwa. Nikalituma kwenye kundi letu la familia.

Dada yangu akaweka mioyo. Mama akaandika, "Mashallah mwanangu." Mjomba, aliyevua samaki Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka magoti yakamkatalia, akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde 12. Nimeusikiliza mara nyingi tangu siku ile. Alisema: "Mpwa wangu, shairi zuri. Lakini samaki wa chini akipanda juu mwenyewe, huyo hakufuata jua. Huyo mgonjwa."

Basi. Hakuongeza neno.

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Nikaingia kusoma nia yangu ikiwa kumjibu mjomba. Sikumjibu mpaka leo.

Nianze na jina. Samaki yule ni *Melanocetus johnsonii*, na wengi humwita shetani mweusi wa baharini. Sehemu ya kwanza ya jina lake la kisayansi, kwa Kigiriki, ni kama kusema nyangumi mweusi. Sehemu ya pili ni ya James Yate Johnson, Mwingereza aliyeishi kisiwa cha Madeira akikusanya viumbe wa baharini. Mtaalamu wa samaki Albert Günther, wa British Museum jijini London, ndiye aliyemwandika mara ya kwanza mwaka 1864, kutokana na samaki mmoja aliyepatikana Madeira. Huyu wa video alionekana tarehe 26 Januari 2025, karibu na Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Uhispania. Watu wa shirika la Condrik Tenerife walikuwa wanarudi bandarini kutoka kutafiti papa, wakaona kitu cheusi majini. Madeira na Tenerife haziko mbali. Kwa hiyo samaki yule alikufa jirani na pale alipopatikana yule aliyepewa jina.

Cha pili kilichonishtua ni umbo. Kwenye simu alionekana dubwana. Kumbe jike aliyekomaa wa aina hii hafiki sentimita 20, na yule wa Tenerife alikuwa mdogo zaidi, angekaa kiganjani pako na vidole vikabaki. Dume ndiye usiseme, anaishia kama sentimita tatu. Nilikuwa nimemlilia shetani anayeingia kwenye kikombe cha chai.

Halafu makazi yake. Sisi watu wa pwani tunadhani tunaijua bahari kwa sababu tumeoga ndani yake. Tunaloijua ni ganda. Mwanga wa kutosha mimea kujitengenezea chakula huishia kwenye kina cha kama mita 200. Kutoka hapo hadi mita 1,000 kuna mwanga hafifu kama wa magharibi inayokaribia kuisha, kila unaposhuka unapungua. Chini ya hapo jua halina habari. Maji yana baridi ya nyuzi joto nne hivi, wakati haya yetu ya ufukweni yanapita 25. Kila mita 10 unazoshuka zinakuongezea mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kwenye mita 1,000 umebanwa mara mia. Hakuna mwani unaoota huko. Chakula ni mabaki yanayodondoka polepole kutoka juu, vipande vya waliokufa na vinyesi vya walio hai, au ni jirani yako.

Mahali kama hapo, kuogelea huku na huku ni kujimaliza. Jike wa *Melanocetus* hafukuzi mtu. Nyama yake ni laini, mifupa haina nguvu sana, na mwili wake wote kama mfuko uliofungwa mdomoni kwa meno. Hutulia gizani akasubiri. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi ya MBARI ya California walimpata mmoja akiwa hai kwenye kina cha mita 580 katika ghuba ya Monterey, wakampiga video kwa chombo cha chini ya maji kinachoongozwa kutoka melini. Nimeiangalia. Haina machozi ile. Samaki yuko kwao, anaelea, hana haraka, kitaa chake kipo mbele ya uso.

Hicho kitaa ndicho kilichonirudisha Tanga.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu mjomba alikubali kunichukua baharini usiku. Zilikuwa siku za giza, maana dagaa huvuliwa mwezi ukiwa haupo. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanashona nyavu. Tulikuwa na karabai mbili, zile za mafuta ya taa za kupigwa pampu, zinavuma kama nyuki. Tukafika mahali, nanga ikashushwa, karabai zikatundikwa kwenye mti uliochomoza nje ya chombo, tukakaa. Mimi nilijua taa ni ya kutuonyesha. Nikasogea ili nione vizuri, mjomba akanivuta shati. "Toka hapo, unawazibia. Taa siyo yetu hiyo. Ni yao."

Tulisubiri muda mrefu mpaka nikasinzia. Nilipoamshwa, maji chini ya karabai yalikuwa yanachemka kwa dagaa, na pembeni ngisi wanapita kama vivuli. Wamekuja wenyewe. Wavu ukazungushwa, ukavutwa. Sikumbuki kama niliwahurumia. Nakumbuka mikono yangu ilinuka mafuta ya taa siku mbili.

Samaki wetu anafanya kazi hiyohiyo, ila karabai yake ameiota. Mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni umehamia kwenye paji la uso ukawa ufito, na kwenye ncha ya ufito kuna kifuko. Ndani ya kifuko wanaishi bakteria wanaotoa mwanga. Yeye anawapa mahali pa kukaa na chakula, wao wanamwakia. Kiumbe mwenye njaa anaona nukta ya mwanga inacheza gizani, anasogea kutazama, mdomo unafunguka. Meno yamelala kuelekea ndani, ukiingia hutoki. Tumbo linanyumbuka kiasi cha kummeza mtu mkubwa kuliko mwenye tumbo, kwa sababu huko chini huwezi kusema huyu nitamwacha, nitapata mwingine kesho.

Na ngozi yake je? Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Alexander Davis na Karen Osborn walichapisha utafiti kuhusu samaki wa kina kirefu, samaki wavuvi miongoni mwao, ambao ngozi zao hunyonya zaidi ya asilimia 99.5 ya mwanga unaozigusa. Hapo nilisimama kusoma. Mwenye taa lazima awe mweusi kupita giza lenyewe, la sivyo taa yake itamwonyesha yeye. Mjomba alijua hilo bila kusoma, ndiyo maana alinivuta shati.

Kwa hiyo yule samaki niliyemwimba kwamba ameutamani mwanga maisha yake yote, alikuwa na mwanga maisha yake yote ya utu uzima. Haukuwa tumaini lake. Ulikuwa nyenzo ya kazi, kama jembe.

Nikajaribu kujitetea: sawa, lakini jua hajawahi kuliona. Nalo likaanguka. Vichanga vya samaki wavuvi wa kina kirefu havikulii gizani. Vinaishi katika tabaka la juu la bahari, ndani ya zile mita 200 za kwanza, ambako kuna vijidudu vingi vya kula na jua linapenya. Vikifikia umri wa kubadilika umbo, ndipo vinashuka. Jike anaota ufito na taa, dume anaota macho na pua kubwa za kumnusia jike. Yaani kila jike aliyeko kule chini, utotoni alikaa kwenye maji yenye mwanga. Giza ndilo alilokwenda kuanzia maisha.

Lipo na jambo la ndoa, maana mtandao haukumaliza kumlilia samaki huyu kabla ya kumwoza. Utakuwa umesikia: dume humng'ata jike, midomo yake ikaungana na ngozi ya jike, damu zao zikawa moja, akabaki kama kinyama kinachoning'inia mpaka kufa. Ni kweli, ila kwa baadhi ya aina. Mwaka 1922 Bjarni Sæmundsson, mtaalamu wa Iceland, aliwaona samaki wadogo wawili wamegandana na jike wa *Ceratias holboelli*, akadhani ni watoto wake. Mwaka 1925 Charles Tate Regan wa British Museum alimpasua mdogo kama huyo, akakuta ni mume. Na mwaka 2020 Jeremy Swann, Thomas Boehm na wenzao walieleza jinsi jambo hilo linavyowezekana: samaki wa aina zinazoungana wamepoteza jeni muhimu za kinga ya mwili, zilezile ambazo kwetu zinafanya figo ya mtu mwingine ikataliwe. Ili mwili wa mwenzako ukae mwilini mwako, silaha umeziweka chini.

Unaona linavyovutia? Nilianza kuandika shairi la pili palepale. Tatizo ni kwamba *Melanocetus* hayumo. Dume wake hushika kwa muda, shughuli ikiisha anaachia. Yule jike wa Tenerife hakuwa ameungana na yeyote, na hiyo haikuwa huzuni. Ndiyo desturi ya kabila lake.

Mjomba ni mtu wa kupiga simu. Wiki ile akapiga. Nikamsalimia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, akauliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Akanikumbusha silikanti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyavu za jarife zilizotegwa kwenye maji ya kina upande wa Tanga zilianza kupandisha samaki wa ajabu, wazito, magamba kama sahani. Ndio wale ambao wanasayansi duniani waliwahi kudhani walikwisha enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa ajili yao ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. "Wageni walikuja na kamera," mjomba akasema. "Kila mmoja anasema samaki ametoka zamani kutuletea ujumbe. Ujumbe gani? Kanaswa. Ukimtoa chini kule hakai, anakufa."

Wataalamu waliomwona yule wa Tenerife walisema mambo yanayofanana na ya mjomba: pengine alikuwa mgonjwa, pengine mkondo ulimpandisha, pengine alikuwa anamkimbia mwindaji. Hali yake ilikuwa mbaya tangu walipomwona. Hakuna aliyesema alitaka kuona kitu.

Hapa ningeweza kuishia, nikawa nimeandika makala ya samaki. Lakini nina jambo jingine.

Mwaka niliokuwa najiandaa na mtihani wa kidato cha sita, bibi yangu, mzaa mama, alikuwa anaumwa kwetu. Wiki zake za mwisho aliomba kutolewa nje. Nilikuwa nikiamka alfajiri namkuta ameshalazwa barazani juu ya mkeka, mto umewekwa mgongoni, uso ameuelekeza kule jua linakotokea. Alikuwa hasemi sana. Nikakaa naye dakika chache, nikamwamkia, nikarudi kwenye daftari zangu.

Alipofariki, nilitunga shairi. Nililisoma siku ya arobaini yake, na watu wazima walilia, wajomba zangu wanaume wazima walijifunika kanzu usoni. Nilisema bibi alikuwa anaisubiri asubuhi, kwamba hakukubali giza la chumbani, alitaka jua limkute macho yakiwa wazi. Mama alilipiga chapa, akalitia kwenye fremu. Lipo sebuleni kwake hadi leo, pembeni ya kalenda. Ndilo shairi lililonifanya niamini kuwa mimi ni mwandishi.

Baada ya simu ya mjomba, shairi lile likaanza kunisumbua. Nilijaribu kukumbuka bibi alisema nini hasa kuhusu kutoka nje. Nikagundua sikumbuki kwa sababu sikumuuliza. Mwezi ule nilipokwenda Tanga, siku ya pili tukiwa tunachambua mchele, nikamuuliza mama.

Mama hakuacha kuchambua. Akasema, "Maumivu yalikuwa yanamzidi usiku. Saa nane, saa tisa. Akawa anaugua, na kile chumba chake na chako kilitenganishwa na ubao tu. Akaniambia, nitoeni nje, mtoto ana mtihani, nisimwamshe."

Nikamuuliza, "Mtoto nani?"

Akanitazama. "Tulikuwa na mtoto mwingine mwenye mtihani?"

Kwa hiyo walimtoa saa nane za usiku, mama na shangazi, wamembeba kwenye mkeka. Barazani alikuwa huru kuugua. Uso aliuelekeza ukutani mwa jirani kwa sababu ubavu wa kushoto ndio uliokuwa na nafuu. Jua lilikuwa linamkuta pale, kama linavyokikuta kila kitu kilichoko nje.

Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema, "Shairi lilikuwa zuri. Watu wamelia. Nisimame nibishane na shairi?" Halafu akasema, "Na wewe ulikuwa unalihitaji."

Sijui kama nimeshapona na maneno hayo ya mwisho.

Sisemi tusitunge mashairi ya samaki, wala ya mabibi. Ninachosema ni kidogo. Nilimwona kiumbe yuko mahali asipozoea kuwa, hali yake mbaya, na nilipotaka kujua kwa nini, nikajiuliza mimi mwenyewe badala ya kuuliza wanaojua. Jibu likatoka zuri, kwa sababu lilitoka kwangu. Mara zote mbili lilikuwa jibu lilelile, eti ameufuata mwanga. Kumbe mmoja alikuwa anaumwa tu, na mwingine alikuwa anaumwa na bado ananilinda usingizi wangu. Ukweli wa bibi ulikuwa na mapenzi makubwa kuliko beti zangu zote, na ulikaa nyuma ya ubao hatua mbili kutoka kitandani kwangu.

Mwili wa yule samaki ulipelekwa kwenye jumba la makumbusho la mambo ya asili na akiolojia la Santa Cruz de Tenerife. Huko wanaomshika ni watu wa kumpima, kumchunguza, kumuuliza. Zamani ningesema huo ni mwisho baridi kwa kiumbe aliyeliza dunia. Siku hizi naona ndio watu wa kwanza waliomtendea adabu.

Shairi la samaki nimelifuta kwenye kundi. La bibi nilitaka kuliondoa ukutani, mama akakataa. Akasema fremu ni yake. Tukakubaliana niandike nyuma ya karatasi yale aliyoniambia, kwa kalamu, na tarehe. Nikaandika. Mama akaifuta vumbi fremu kwa upande wa kanga, akairudisha pembeni ya kalenda, shairi likiwa mbele.